Mlinzi, Wamlinda Nani?

Katika miaka ya 1980, tulipokuwa vijana wadogo hapa Mombasa, mambo mawili ndiyo yaliyokuwa yakikatiza mazungumzo ya barazani. La kwanza ni adhana. La pili ni mtu mmoja mwenye shati la mikono mirefu, ambaye alikuwa akija, akiagiza kahawa na asiinywe. Ilipolia adhana, wazee waliinuka. Alipoketi mtu yule, wazee hawakuinuka, ila maneno yaligeuka ghafula: siasa ikazimika, na bei ya nguru ikashika mahali pake. Hakuna aliyemtaja kwa jina. Akisha kwenda zake ndipo mtu humnong'oneza mwenziwe: "Askari kanzu huyo."

Siku moja nilimwuliza ami yangu, "Ami, kwani huyu si mlinzi wetu?" Ami akasukutua kinywa kwa kahawa yake, akanirudishia swali: "Amlinda nani, mwanangu?"

Swali hilo nililibeba miaka mingi. Limenirudia upya nilipokuwa nikiyafuatilia maisha ya Mwingereza mmoja, Sir Percy Sillitoe. Jina lake halijulikani sana kwetu, ijapokuwa nyayo zake zilipita Tanganyika, na siku za mashaka zikafika Nairobi. Mtu huyu alianza askari wa cheo cha chini kabisa, akawa mkuu wa polisi wa miji mikubwa ya Uingereza, akawa mkuu wa idara ya siri ya nchi yake, na alipokwisha kustaafu akaajiriwa kulinda almasi za kampuni. Kazi ya nne, ambayo yeye hakuifanya, ni kuufundisha ujuzi huo katika chuo kikuu. Hiyo aliifanya Mmarekani mmoja wa zama zake, nasi tutamfikia.

Ndugu msomaji, ukizitazama kazi hizi kwa juu utasema ni nne. Ukizitazama kwa ndani, utaona kuwa ujuzi ni mmoja: kutazama, kusikiliza, kuandika, kungoja, kisha kukamata. Kinachobadilika ni yule anayelipa mshahara. Na hapo ndipo lilipo swali la ami yangu.

Sillitoe alizaliwa London mwaka 1888. Utotoni alisoma katika shule ya waimbaji wa kanisa kuu la St Paul's. Chuo kikuu hakukiona. Mwaka 1908, akiwa kijana wa miaka 20, alikuja Afrika akajiunga na jeshi la polisi la British South Africa Police, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka 1911 akahamia polisi wa Northern Rhodesia, Zambia ya leo. Vilipozuka Vita Vikuu vya Kwanza alishiriki katika mapigano dhidi ya Wajerumani wa Afrika Mashariki, na baada ya Wajerumani kusukumwa nyuma akawekwa kuwa afisa wa utawala Tanganyika hadi mwaka 1920. Kwa hivyo ualimu wake wa kwanza wa kutawala watu aliupata katika ardhi zetu, juu ya watu wasiomchagua wala kuwa na uwezo wa kumwondoa. Jambo hilo tuliweke moyoni, kwa kuwa litakuja kutufaa.

Mwaka 1923, akiwa amekwisha rudi kwao na mkewe, alipata kazi ya mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Chesterfield. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1926, akapewa Sheffield, mji wa viwanda vya chuma. Mji huo ulikuwa umeshikwa na magenge. Nje ya mji, mahali paitwapo Sky Edge, palikuwa na uwanja wa kamari ya kurusha sarafu, na makundi mawili, la George Mooney na la Sam Garvin, yalikuwa yakipigania mapato yake. Mwenye duka alitozwa, mwenye kilabu akatozwa, na aliyekataa alijua yatakayompata. Mwaka 1925 mtu mmoja aliuawa mbele ya nyumba yake, na ndugu wawili wakanyongwa kwa kosa hilo.

Haki isemwe: kikosi maalumu cha kupambana na magenge hayo kilikuwa kimeanzishwa kabla Sillitoe hajafika. Yeye alikikuta akakitia nguvu. Alichagua askari wenye miraba minne, wakafundishwa mieleka na ngumi, wakaambiwa wawafuate wahuni hao palepale walipokuwa wakijiona wafalme. Hawakuwa watu wapole. Mwenyewe hakuona haya kusema kuwa nguvu ilijibiwa kwa nguvu. Magenge yakavunjika, na mwenye duka akapumua.

Kutoka hapo akapelekwa Glasgow, Uskoti, tangu mwaka 1931 hadi 1943. Huko palikuwa na magenge makubwa zaidi, mengine yakijigawa kwa madhehebu, Waprotestanti kwa Wakatoliki, kama lile la Billy Boys lililoongozwa na Billy Fullerton. Lakini Sillitoe hakutegemea mikono mitupu. Alitia redio katika magari ya polisi, akakuza kazi ya alama za vidole, akawastaafisha wazee waliokuwa wamekalia vyeo, ili vijana wapande. Tena aliwavisha askari wake kofia zenye utepe wa miraba myeusi na myeupe, mfano wa ubao wa dama, ili mwananchi amtambue askari kwa mbali. Utepe huo hadi leo huitwa kwa jina lake, na umeenea kwa polisi wa nchi nyingi, Australia ikiwemo.

Nataka msomaji autue utepe huo akilini. Hapa mlinzi amevaa alama ili aonekane. Aliyeonewa ajue pa kukimbilia, na aliyeonewa na askari mwenyewe ajue wa kumshitaki. Huo ni ulinzi wa mchana kweupe.

Mwaka 1946 Waziri Mkuu Clement Attlee akamtoa katika mchana ule akamtia katika usiku. Alimfanya mkuu wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, ambayo wakati huo serikali haikupenda hata kuitaja. Huko Sillitoe alikuwa mgeni. Wenyeji wa idara walikuwa wasomi wa vyuo vikubwa, na wengi wao walitaka mwenzao ndiye apandishwe. Husimuliwa kuwa walikuwa wakizungumza kwa vipande vya Kilatini mbele yake ili asiambulie kitu. Sisi tuliosoma chuoni kwa maalim twayajua mambo hayo: kuna elimu ya kumfungulia mtu mlango, na kuna elimu ya kumfungia.

Walakini Kilatini hakikuwasaidia. Februari 1950 alikamatwa Klaus Fuchs, mwanasayansi wa nyuklia aliyewapa Warusi siri za bomu la atomiki, mtu ambaye idara hiyohiyo ilikuwa imemchunguza zaidi ya mara moja na kumpitisha. Mei 1951 wakatoroka Guy Burgess na Donald Maclean, maofisa wa serikali waliosoma Cambridge, wakaibukia Moscow. Ikabidi Sillitoe apande ndege aende Washington kuwaeleza Wamarekani. Aliyevunja magenge ya Sheffield alishindwa na watu waliovaa tai zilezile walizovaa wasaidizi wake. Jicho lilikuwa likitazama mbali, na mwizi yuko sebuleni.

Sasa twafika kwetu. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari katika Kenya kwa sababu ya Mau Mau. Mwezi uliofuata, Novemba, Sillitoe mwenyewe alishuka Nairobi. Aliyakuta masikio ya serikali yakiwa machache. Kikosi cha Special Branch kilikuwa na watu wa kuhesabika, na kazi yake imejikusanya Nairobi na hapa Mombasa. Shauri lake lilikuwa kipanuliwe, kifike mikoani na wilayani, na habari zote zikusanywe mahali pamoja na kupimwa na kamati. Akaacha nyuma ofisa wake, A. M. MacDonald, awe mshauri wa usalama wa Gavana.

Kwa fundi, hiyo ilikuwa kazi safi. Ni mpango uleule wa Glasgow: kusanya habari, panga, peleka haraka. Lakini Glasgow habari ilikwenda kwa hakimu. Kenya ilikwenda wapi?

Tazama jambo la Jomo Kenyatta. Idara ya Sillitoe ilikuwa imemfuatilia Kenyatta tangu alipokuwa Uingereza. Na idara hiyo ilimwarifu Gavana Baring kwamba vyanzo vyake havikutoa lolote la kuonyesha kuwa Kenyatta ana mkono wa moja kwa moja katika Mau Mau, wala kuwa ndiye anayeiongoza. Hilo halikusemwa na rafiki yake bali na majasusi wa malkia wa wakati huo, ambao kazi yao ilikuwa kumtafutia makosa. Hata hivyo, tarehe 8 Aprili 1953, kule Kapenguria, Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu kwa kosa la kuiongoza Mau Mau. Ujasusi ulisema kweli, na mwenye ujasusi hakuitaka kweli hiyo. Alikuwa akitaka masikio ya kumwambia alilokwisha amua.

Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzunguka mji wa Nairobi. Watu walipangwa mistari, wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa, aliyeonyeshwa huvutwa kando. Maelfu walipelekwa vizuizini bila kesi, wengi wao katika kambi za Manyani na Mackinnon Road. Ndugu zangu tunaosafiri kwenda bara, kila tusimamapo Mackinnon Road kumzuru Sayyid Baghali Shah pale kando ya reli, tukumbuke kuwa karibu na hapo paliwahi kuwa na senyenge, na nyuma yake watu ambao hawakuona hakimu. Linganisha gunia lile na utepe wa miraba wa Glasgow. Huku mlinzi alivaa ili ajulikane. Huku alivaa ili asijulikane.

Sisemi kwamba Sillitoe ndiye aliyevisha watu magunia. Yeye alikuja, akatoa shauri, akaondoka, na mwaka 1953 alistaafu. Lakini fundi akitengeneza panga na kumkabidhi mtu aliyepandwa na hasira, hawezi kudai kuwa kazi yake ni makali tu. Juni 2013, miaka 60 baadaye, serikali ya Uingereza ilisimama bungeni kwao ikaeleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa katika siku hizo. Deni la ulinzi mbaya halifi na mlinzi.

Tena chombo chenyewe hakikuondoka na bendera ya Mwingereza mwaka 1963. Special Branch ilirithiwa kama ilivyorithiwa reli. Katika miaka ya 1980, miaka ya yule mtu wa kahawa isiyonywewa, Wakenya waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, Nairobi, na waliowatesa walikuwa Wakenya wenzao. Mwaka 1986 idara ikabadilishwa jina, mwaka 1998 ikaundwa upya kwa sheria, na mwaka 2012 ikapata sheria nyingine iliyoifanya kuwa NIS ya leo. Katiba ya mwaka 2010 imeweka mipaka: kifungu cha 31 chalinda faragha ya mtu, na cha 49 chataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata ikiwa muda huo umeishia nje ya saa za kazi. Maneno ni mazuri. Mama ambaye mwanawe amechukuliwa usiku na watu wasiojitaja, na kila kituo aendacho aambiwa hayupo, ndiye wa kuulizwa kama maneno hayo yametoka kitabuni yakafika mlangoni kwake.

Turudi kwa Sillitoe. Baada ya kustaafu, yeye na mkewe waliendesha duka la peremende katika mji wa pwani wa Eastbourne. Mkuu wa majasusi kuuzia watoto peremende! Lakini hakudumu hapo. Kampuni ya De Beers, iliyoshika biashara ya almasi duniani, ilimwita aanzishe kikosi cha kuzuia magendo. Mwaka 1954 alianza kuzunguka Afrika tena, safari hii akiwa na mshahara wa kampuni.

Tatizo kubwa lilikuwa Sierra Leone. Huko, tangu miaka ya 1930, kampuni moja ilikuwa imepewa peke yake haki ya kuchimba almasi karibu nchi nzima kwa miaka 99. Mwenyeji aliyeokota kijiwe mtoni, katika ardhi ya babu zake, alikuwa mwizi kwa mujibu wa sheria. Almasi zikivuka mpaka usiku hadi Monrovia, Liberia, na huko zikinunuliwa bila maswali. Sillitoe alileta watu waliokuwa chini yake MI5, wakaweka wapelelezi na mitego. Mmoja wa watu wa kikosi hicho ndiye aliyemsimulia Ian Fleming, yule mtungaji wa James Bond, na simulizi hiyo ikawa kitabu mwaka 1957. Mwaka huohuo kikosi kikavunjwa.

Lakini kabla hakijavunjwa, serikali ya Sierra Leone ilikuwa imefanya jambo jingine. Mwaka 1955 ilipunguza eneo la kampuni, na mwaka 1956 ikaanza kuwapa wenyeji leseni za kuchimba. Maelfu waliokuwa wezi juzi, wakawa wachimbaji halali leo, mto ni uleule na kijiwe ni kilekile. Magendo hayakwisha, kwa sababu tamaa haiishi; ila mtu ajiulize: yule aliyekuwa akikamatwa mwaka 1954, aliiba nini? Kule Sheffield, mlinzi alimzuia mwenye nguvu asimnyang'anye mnyonge. Kule mtoni, alimzuia mnyonge asiguse alichojitwalia mwenye nguvu. Mlinzi ni yuleyule, na ujuzi ni uleule.

Sasa niitimize ahadi yangu juu ya ile kazi ya nne. Katika mji wa Berkeley, California, alikuwako askari aitwaye August Vollmer, aliyekuwa mpeleka barua kabla ya kuchaguliwa mkuu wa askari wa mji mwaka 1905. Naye hakuwa na shahada. Aliwapandisha askari wake baiskeli, kisha magari, na mmoja wa watu wake, John Larson, ndiye aliyeunda mwaka 1921 mashine ya kupimia uongo. Lakini kubwa alilofanya ni kuifungulia kazi hiyo mlango wa darasa. Alianzisha shule ya askari, akawaajiri wanafunzi wa chuo kikuu kuwa polisi, akapiga vita desturi ya kumpiga mshukiwa hadi akiri. Mwaka 1929 Chuo Kikuu cha Chicago kilimpa uprofesa wa uongozi wa polisi, na baadaye akafundisha Berkeley.

Faida ya darasa ni ipi? Si kwamba msomi ni mwema kuliko asiyesoma. Burgess na Maclean walisoma. Faida yake ni kuwa darasani kuna mwanafunzi anayeinua mkono na kuuliza "kwa nini?" Ofisini, mdogo haulizi. Kazi ya ulinzi ikifundishwa mbele za watu, huzoea kuulizwa. Ikifundishwa kwa kunong'onezana, humwona kila mwenye kuuliza kuwa ni adui.

Nasi Waislamu hatuna haja ya kulitafuta somo hili ng'ambo peke yake. Chuoni maalim wetu alikuwa akitusimulia kisa cha Khalifa Umar bin al-Khattab, ambaye alikuwa na desturi ya kuzunguka Madina usiku kulinda raia. Usiku mmoja alisikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu katika maasi. Alipomkemea, mtu yule alimjibu kuwa, ikiwa yeye amekosa moja, Amirul Muuminina amekosa matatu: amepeleleza, na Mungu amekataza kupelelezana, amepita ukutani, na nyumba huingiwa mlangoni, tena ameingia bila ruhusa wala salamu. Umar hakumwita adui wa dola. Alikiri, akamsamehe, akatoka. Katazo hilo limo katika Suratul Hujurat, aya ya 12, na kila mtoto aliyehitimu chuoni amelipitia.

Maalim alikuwa akisimama hapo na kututazama. Nilidhani kisa hicho chamhusu mlevi. Leo naona chamhusu mlinzi. Umar hakuacha kuzunguka usiku. Mji wahitaji mlinzi, na asiyelindwa huliwa. Bali alikubali kuwa naye yu chini ya sheria ileile anayoilinda, na kuwa raia wa chini kabisa ana haki ya kumwambia: umepita ukutani.

Sillitoe alifariki Eastbourne mwaka 1962. Ameacha utepe wa miraba uliomfanya askari aonekane, na ameacha shauri lililoyazidisha masikio yasiyoonekana katika nchi yetu. Yote mawili ni kazi ya mikono yake, na yote mawili aliyafanya kwa ustadi. Wala sidhani kuwa alijiona mbaya katika lolote. Ndiyo sababu ustadi peke yake hautoshi kumpima mtu wa kazi hii. Kipimo ni lile swali la ami yangu, Mungu amrehemu, nami naliacha kwa kila kijana wetu anayevaa leo nguo za polisi, au anayeketi kwenye lango la kampuni, au anayeagiza kahawa asiyoitaka:

Mlinzi wa mlangoni, nataka kwako jawabu,
Ufunguo mkononi, umepewa kwa sababu,
Walalao majumbani, wasifikwe na taabu,
Kesho mbele ya Manani, utaitoa hisabu.